Bekapu zipo: kisa cha hifadhidata ya GitLab, 31 Januari 2017

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja: mhandisi wa GitLab alikuwa na seva mbili, akafuta data kwenye ile isiyotakiwa kufutwa. Wasikilizaji hucheka kidogo, kila mmoja akaapa moyoni kwamba yeye angeangalia kwanza, mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi mwenyewe nimewasimulia hivyo vijana wa kazini kwa miaka kadhaa. Baadaye nikakaa chini na taarifa ndefu ambayo kampuni yenyewe iliitoa tarehe 10 Februari 2017, nikaona kwamba nilikuwa nasimulia sehemu nyepesi. Kidole kilichobonyeza kilimaliza kazi yake kwa sekunde mbili. Yaliyoifanya ajali ile iwe kubwa yalikuwa yamekaa pale muda mrefu, kimya, na hakuna aliyeyasikia.

GitLab.com ni mahali ambapo watengenezaji wa programu huweka kazi zao, hujadili hitilafu na kupangiana majukumu. Mafaili ya programu zenyewe yalikaa kwenye seva nyingine. Lakini akaunti za watumiaji, orodha ya miradi, maoni na mijadala, vyote hivyo vilikuwa ndani ya PostgreSQL 9.6, programu ya hifadhidata, kwenye mashine mbili zilizokodiwa katika Azure, wingu la Microsoft. db1 ilikuwa seva kuu. Kila kinachoandikwa kiliingilia hapo. db2 ilikuwa mfuasi: kila badiliko la db1 lilitumwa kwake naye akaliiga, ili db1 ikianguka yeye ashike usukani. Data yote ilikuwa kama GB 300.

Jioni ya tarehe 31 ilianza na kazi ya kawaida. Saa 17:20 kwa saa za UTC, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili na dakika ishirini usiku, mhandisi mmoja alichukua picha ya diski ya hifadhidata kwa LVM, zana ya Linux ya kusimamia diski, na kuipeleka kwenye mazingira ya majaribio. Alitaka kujaribu pgpool-II, programu ya kugawa mzigo kati ya seva. Picha kama hiyo ilikuwa ikichukuliwa yenyewe mara moja kila saa 24. Hii aliichukua kwa mkono, kwa sababu tu alihitaji data ya karibuni. Msomaji aiweke akilini picha hiyo, tutaihitaji.

Yapata saa 19:00 mzigo ukapanda. Walishuku spamu. Baadaye ikaja kujulikana kwamba sehemu ya mzigo ilitoka ndani: akaunti ya mfanyakazi wa GitLab ilikuwa imeripotiwa kuwa inavunja kanuni, kisha kwa bahati mbaya ikapangiwa kufutwa pamoja na kila kilichoandikwa nayo. Kazi ya nyuma ya pazia ikawa inafuta safu baada ya safu huku watu wakiwinda spamu.

Kufikia saa 23:00 db2 ilikuwa imeachwa nyuma mno, na urudufishaji ukasimama kabisa. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari lake, WAL, lililokatwa vipande vya MB 16. Mfuasi huvisoma vipande hivyo kwa mfululizo, na mkuu havitunzi milele. Akishamalizana navyo huvifuta au kuvitumia upya. Siku ya mzigo mkubwa mfuasi akichelewa, anafika kuomba kipande anaambiwa kimeshaondolewa. Kama vipande vimewekwa kumbukumbu mahali pengine atavifuata huko. GitLab hawakuwa wakiviweka. Dawa ikabaki moja: safisha folda ya data ya db2, kisha vuta kila kitu upya kutoka db1 kwa pg_basebackup.

Hapa wajuzi hurukia kusema wangetumia nafasi za urudufishaji, ambazo zilishakuwepo tangu toleo la 9.4 na ambazo humlazimisha mkuu atunze vipande mpaka mfuasi avisome. Sawa. Lakini aliyewahi kuziwasha anajua deni lake: mfuasi akifa Ijumaa jioni, nafasi yake inaendelea kudai vipande, na Jumatatu asubuhi unakuta diski ya seva kuu imejaa pomoni na hifadhidata nzima imesimama. Kikomo cha deni hilo, max_slot_wal_keep_size, kilikuja na toleo la 13 mwaka 2020. Kwa hiyo siwalaumu kwa hilo.

Folda ya db2 ikasafishwa. Tuseme wazi maana yake: kuanzia dakika hiyo data hai ya GitLab ilikuwa kwenye mashine moja tu. Hakuna aliyeona hatari, maana hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya utaratibu, na ndivyo tunavyofanya karibu wote.

pg_basebackup ikakataa. Ilisema db1 haina nafasi za kutosha za watumaji wa WAL. Max_wal_senders ilikuwa 3. Wakaipandisha hadi 32. Badiliko hilo halishiki mpaka PostgreSQL izimwe na kuwashwa, na ilipowashwa ikagoma, ikilalamikia wingi wa semafori, alama ambazo mfumo wa kompyuta hutoa ili kuratibu michakato. Sababu ilikuwa max_connections, iliyowekwa 8000. PostgreSQL hufungua mchakato mzima kwa kila muunganisho, na huomba semafori zake zote mapema inapowaka, hata kama waunganishwaji halisi ni mia mbili. Thamani ya 8000 ilikuwa imefanya kazi karibu mwaka mzima. (Namba kama hiyo naifahamu inavyozaliwa. Programu inapiga kelele kwamba miunganisho imejaa, mtu anaongeza sifuri, kelele zinakoma, hakuna anayerudi kuangalia.) Wakaishusha hadi 2000, seva ikawaka.

Wakaendesha pg_basebackup tena. Safari hii haikukataa, wala haikusema lolote. Mshale ulimetameta tu kwenye skrini. Walijaribu zaidi ya mara moja na kila mara ikawa hivyo: haitoi kosa, haionyeshi asilimia, na kwenye folda ya db2 hakuna kinachoongezeka.

Dakika hizo ndizo kiini cha kisa kizima, kwa maoni yangu. Programu ile haikuwa imekwama. Ilikuwa inasubiri. Kabla ya kutuma data, seva kuu hufanya kwanza chekipointi, yaani humwaga kwenye diski kurasa zote zilizobadilika kwenye kumbukumbu, na kwa kawaida huifanya polepole kwa makusudi ili isiwasumbue watumiaji. Kwenye seva yenye mzigo, polepole hiyo inaweza kuwa dakika kadhaa. Ukiongeza --checkpoint=fast haisubiri hivyo. Matoleo ya baadaye, ukiyaomba yaeleze zaidi, huandika kabisa kwamba yanangoja chekipointi ikamilike. Lile la 9.6 lilinyamaza, na mwongozo wa kazi wa GitLab haukutaja kwamba kunyamaza huko ni hali ya kawaida.

Sasa mweke mtu kwenye kiti hicho. Usiku umekwenda, kwake ulikuwa muda wa kufunga kazi. Ameshakataliwa mara mbili na makosa mawili yasiyohusiana. Akiona kimya anafanya ambalo ningelifanya mimi: anatafuta maelezo. Alilolipata lilikuwa la busara tu, kwamba pengine majaribio yaliyopita yameacha mafaili kwenye folda ya data na programu inataka folda iwe tupu kabisa. Akaandika rm -rf, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza, na njia ya folda. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba dirisha aliloandikia ni la db1. Akabonyeza kusimamisha. Ilikuwa yapata saa 23:27. Kwetu saa nane na nusu usiku, karibu.

Zilibaki GB 4.5.

Watu hushangaa GB 300 zinavyotoweka kwa pumzi moja ilhali kuzinakili huchukua saa. PostgreSQL hukata kila jedwali kubwa kuwa mafaili ya GB 1, na rm haigusi yaliyomo. Huondoa jina la faili kwenye orodha na kwenda kwa linalofuata. GB 300 ni majina machache. Mkono wa binadamu hauwahi.

Nina neno moja juu ya rm yenyewe. Ndani ya diski ileile, mv ni ya haraka vilevile, maana nayo hubadilisha jina tu. Kama diski ina nafasi, sioni sababu ya mtu yeyote kufuta folda ya data usiku wa manane. Iite data.ya.zamani, endelea na kazi, ifute kesho ukishakunywa chai. Ukikosea seva, hifadhidata itapiga yowe kwa kukosa mafaili yake, nawe utayarudisha kwa amri moja. Tangu nilipokielewa kisa hiki, mwongozo wangu hauna rm mahali popote kwenye hatua za urudufishaji.

Lakini hata rm ingekuwa hadithi ya saa moja kama bekapu zingekuwepo. Na bekapu, kwenye karatasi, zilikuwepo. Kulikuwa na pg_dump, programu inayotoa nakala ya hifadhidata, kila baada ya saa 24, ikipelekwa kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon. Kulikuwa na picha za LVM. Kulikuwa na picha za diski za Azure. Kulikuwa na db2.

Walipofungua S3 waliikuta tupu. Sababu yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila folda ya data ya PostgreSQL ina faili dogo linaloitwa PG_VERSION, lenye mstari mmoja: 9.6. Kifurushi cha GitLab kilibeba matoleo mawili ya zana za PostgreSQL, 9.2 na 9.6, na kilichagua la kutumia kwa kusoma faili hilo. Sasa kazi ya bekapu ilikuwa ikiendeshwa kwenye seva ya programu badala ya seva ya hifadhidata. Pale hakuna folda ya data, kwa hiyo hakuna PG_VERSION, kwa hiyo kifurushi kikachukua chaguo-msingi, 9.2. Na pg_dump ina msimamo: husoma seva za zamani kuliko yenyewe, lakini ikikutana na seva mpya zaidi huacha kazi papo hapo. Kila siku ilikuwa inawaka, inaona 9.6, inaandika kosa na kuzima. Ilitii kanuni zake barabara.

Basi mbona hakuna aliyejua? cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ilitoa taarifa. Kila ilipofeli ilituma barua pepe. Ila barua za cron hazikuwa zimepangiwa DMARC, utaratibu wa kuhakiki kwamba barua imetoka kweli kwa anayejitaja, na seva iliyopokea ikazikataa mlangoni. Kosa likatokea, likaandikwa, likatumwa, likaishia njiani. Kwa waliokuwa ofisini, sanduku la barua lisilo na malalamiko lilimaanisha bekapu ziko salama.

Picha za Azure zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili. Kwa seva za hifadhidata hazikuwashwa, kwa kuamini kwamba njia nyingine zinatosha. Kila njia iliiegemea nyingine. db2 ilikuwa imeshasafishwa. Katika taarifa yao walijiuliza kwa nini bekapu hazikuwa zikijaribiwa, na jibu lao ni la mstari mmoja usio na pambo: hakukuwa na mwenye jukumu hilo.

Nisijifanye msafi. Niliwahi kuhudumia chama kimoja cha akiba na mikopo. Mhasibu wao kila mwisho wa mwezi alinipigia: "Kaka, bekapu zipo?" Nami: "Zipo, dada, usijali." Hati yangu ya amri ilikuwa ya mstari mmoja, pg_dump ikimwaga matokeo kwa gzip, programu ya kubana mafaili, na gzip ikiandika faili lenye tarehe ya siku. Siku moja nilitaka kufuta bekapu za zamani ili kuokoa nafasi, nikaona folda haina nafasi ya kuokoa. Nikapiga ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na ukubwa wake. Mafaili yalipangana vizuri, tarehe kwa tarehe, na kila moja lilikuwa na baiti 20. Hicho ndicho kipimo cha gzip iliyobana hewa tupu. Nywila ya mtumiaji wa bekapu ilikuwa imebadilishwa wiki kadhaa nyuma, na mbadilishaji alikuwa mimi. pg_dump ilikuwa inafeli, lakini katika mnyororo wa amri ganda la Linux huangalia matokeo ya amri ya mwisho tu, na gzip haikuwa na kosa lolote. Ililetewa hewa, ikabana hewa, ikamaliza salama. Mstari mmoja wa set -o pipefail juu ya hati ungeifanya hati nzima ihesabike kuwa imefeli. Mhasibu hakuwahi kujua. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Neno "zipo" lina hila. Faili lipo, tarehe ipo, ratiba ipo. Aliyeuliza alitaka kujua kama data itarudi, nami nilimjibu swali jingine.

GitLab waliokolewa na ile picha ya saa 17:20, ya mtu aliyetaka kujaribu pgpool. Isingechukuliwa, wangerudi kwenye picha ya kawaida ya kila siku na hasara ingeweza kukaribia saa 24 badala ya sita. Kuirudisha nako kulikuwa adhabu. Mazingira ya majaribio yalikuwa kwenye diski za bei nafuu, na data ilitoka kwa kasi ya kama megabiti 60 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni kama MB 7.5 kila sekunde, na GB 300 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa kumi na moja za kutazama mstari ukisogea. Nani anapochagua diski za mazingira ya majaribio hufikiria kwamba siku moja atakuwa anaokolewa nazo?

Jambo moja walilolifanya vizuri kupita kiasi ni kusema. Waliweka hadharani hati ambayo wenyewe walikuwa wakiandikia hatua zao, wakarusha matengenezo moja kwa moja kwenye YouTube, maelfu ya watu wakatazama wahandisi wakisubiri faili linakiliwe. Katika hati hiyo mhandisi aliyefuta aliandika kwamba kwa siku hiyo ni afadhali asiendeshe tena amri yoyote yenye sudo, yaani yenye mamlaka ya msimamizi, akamkabidhi mwenzake. Hawakumtoa kafara. Kwenye taarifa ya awali ya kampuni anatajwa kwa namba tu, mwanatimu wa kwanza.

Kazi ya kurejesha ilikamilika saa 18:00 UTC tarehe 1 Februari. Kilichopotea ni kilichoandikwa kwenye hifadhidata kuanzia saa 17:20 ya jana yake: kama miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Mafaili ya programu za watu, yaliyokaa kwingine, yalisalimika.

Miongoni mwa marekebisho waliyoyaorodhesha ni kubadili mstari wa amri ili uonyeshe jina kamili la seva na rangi, nyekundu kwa seva halisi na njano kwa za majaribio. Ni jambo jema na linachukua dakika tano, lifanye leo. Ila db1 na db2 zote mbili zilikuwa seva halisi. Zote zingekuwa nyekundu. Rangi isingemsaidia mtu yule usiku ule. Zaidi napenda yale mengine, kuweka kumbukumbu za WAL na kujaribu kurejesha bekapu kwa ratiba, kazi hiyo ikiwa na mwenyewe.

Kwangu ratiba hiyo ni mashine kuukuu iliyo chini ya meza. Kila alfajiri inachukua bekapu ya usiku, inairejesha kuwa hifadhidata kamili, kisha inauliza maswali mawili: jedwali la miamala lina safu ngapi, na muamala wa mwisho ni wa saa ngapi. Majibu yanakuja Telegram kwenye simu yangu saa kumi na mbili asubuhi. Inanitumia ikifaulu, siku ya kufeli hainitumii chochote, kwa hiyo nimejizoeza kwamba simu ikinyamaza nakimbilia kompyuta kabla ya kupiga mswaki.

Jumatatu moja simu ilinyamaza. Nilifika kazini jua halijachomoza, nikapekua logi mstari kwa mstari, nikaikuta bekapu imerejea salama, safu zote zipo, muamala wa mwisho wa saa tano na dakika hamsini usiku. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwa wakati. Bando langu ndilo lililokuwa limeisha usiku.